Msaada: modemu ya kadi kwenye Pentium niliyoiokota haijibu hata amri ya AT

soma_na_tenda

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana hii ni siku ya nne nakesha na hii mashine na ujuzi wangu umeishia hapa.

Niliokota mashine mbili kwenye rundo la vyuma chakavu, zilikuwa zinaenda kusagwa. Moja ni 486, ubao umeliwa na betri, kuna ukijani kijani umesambaa mpaka kwenye nyaya za ubao. Ya pili ni Pentium 133 ina RAM mega 32, nikaipangusa vumbi, nikabadilisha betri ile ya duara CR2032 maana ilikuwa imekufa kabisa, nikawasha ikawaka na ndani kuna Windows 95 nzima haijaguswa. Furaha niliyoipata siwezi kueleza.

Ndani ina kadi ya modemu ndefu imechomekwa kwenye sloti ya ISA (ile ya zamani ya kuchomekea kadi). Ina matundu mawili ya waya wa simu, spika ndogo nyeusi ya duara, na vijampa vingi (vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini) kwa juu, chipu kubwa imeandikwa Rockwell, spidi nadhani ni kilobiti 33.6 kwa sekunde.

Mimi nafundisha vijana kompyuta jioni. Kwao intaneti ni kitu kipo tu hewani, hawajawahi kuona inatoka wapi inaenda wapi. Nataka waone kompyuta inainua simu, inabonyeza namba, wasikie ule mlio, halafu herufi zianze kuja moja moja kwenye skrini. Najua watoa huduma wengi wa dayalapu (intaneti ya kupiga simu) walishafunga, hata AOL walizima ya kwao mwishoni mwa Septemba 2025, kwa hiyo upande wa pili nitaweka laptop ya Linux yenye modemu ya USB ipokee simu. Laini ninazo, nina kile kisanduku cha kugeuza intaneti kuwa laini ya simu chenye matundu mawili, na simu mbili za kawaida nilizichomeka zikapigiana vizuri kabisa.

Tatizo sasa. Windows jina la modemu inalo, lakini nikienda Control Panel, Modems, Diagnostics nikabonyeza More Info inakaa weee halafu inasema modemu haijibu. HyperTerminal (programu ya kuipa modemu amri kwa maandishi) nikiandika AT na Enter hakuna kitu, hata herufi ninazoandika hazitokei. Mausi ni ya siriali ipo COM1 (poti ya kwanza ya siriali) inafanya kazi poa tu. Nimeichomoa kadi nikaisafisha meno kwa kifutio nikarudisha, nimebadilisha sloti, nimefuta draiva nikaweka upya mara tatu. Je ndo imekufa?

---

kasi56

Mkuu hiyo itakuwa winmodemu, bila draiva yake halisi huwezi kuipata, na draiva za hizo kadi ni shida sana siku hizi. Itoe tu weka ya nje ya poti ya siriali utapumzika.

---

pini_na_jampa

Usiitoe mkuu. Na kasi56 ndugu yangu, ushauri wa modemu ya nje ni mzuri lakini kwenye winmodemu hapo sikubaliani na wewe. Winmodemu ni ile ambayo kazi ya modemu imebebeshwa prosesa ya kompyuta, kadi yenyewe imebakiwa na sehemu ya laini tu, kwa hiyo bila draiva haiwezi chochote. Nyingi za hivyo ni za sloti ya PCI iliyokuja baada ya ISA, kadi fupi ina chipu moja au mbili. Mwenzetu ana kadi ndefu ya ISA yenye jampa za kuchagua COM na IRQ (njia ambayo kifaa kinaiita prosesa), hiyo karibu kila mara ni modemu kamili, ina kontrola yake na poti yake ya siriali hapohapo juu ya kadi. Ukiwasha DOS tupu inafanya kazi, ukiweka Linux inafanya kazi, draiva ya Windows kwa modemu kama hii ni faili dogo tu la maandishi linaloiambia Windows modemu hii ipewe amri gani. Ndo maana kufuta draiva na kuweka upya mara tatu hakujabadilisha kitu.

Mimi nikishika modemu ya zamani yoyote kazi naigawa mara mbili, na mpaka wake ni neno OK. Ukiandika AT ikajibu OK basi kompyuta na modemu zinaongea, shida yoyote itakayobaki iko upande wa laini ya simu. Isipojibu OK usiguse waya wa simu kabisa, hata uuchomoe uweke pembeni, maana shida iko ndani ya kompyuta na waya wa simu utakupotezea muda. Watu wengi wanahangaika kwa sababu wanachanganya hizi pande mbili, dakika hii anabadilisha waya dakika ile anafuta draiva.

Wewe uko upande wa ndani, na kilichonishtua ni pale uliposema umebadilisha betri. Betri ikifa bayosi (programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows) inasahau mipangilio yote na inarudi kwenye ile ya kiwandani, na ya kiwandani poti zote mbili za siriali za ubao zinakuwa zimewashwa. Mwenye mashine wa zamani yaelekea aliizima COM2 ya ubao ili modemu ikae pale, na baada ya betri kufa imejiwasha tena, kwa hiyo una poti mbili zinagombea anwani moja na hakuna itakayosikika.

Anwani zenyewe ni hizi: COM1 ni 3F8 na IRQ 4, COM2 ni 2F8 na IRQ 3, COM3 ni 3E8 na IRQ 4 tena, COM4 ni 2E8 na IRQ 3 tena. Angalia hapo, anwani ziko nne lakini IRQ ziko mbili tu, na kwenye ISA poti mbili haziwezi kutumia IRQ moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wewe mwenye mausi COM1 usiweke modemu COM3, utaona mausi inaganda pale pale modemu inapoanza kupiga na utadhani Windows imeharibika.

Fanya hivi. Zima mashine, chomoa umeme, angalia jampa za kadi ziko kwenye COM ngapi, mara nyingi maelezo yamechapwa kwenye ubao wenyewe pembeni ya pini au nyuma ya kadi. Kama kuna jampa ya PnP (kadi kujipanga yenyewe) hakikisha imetolewa kama unataka kupanga kwa mkono. Weka COM2 IRQ 3. Halafu washa uingie bayosi, tafuta sehemu ya Integrated Peripherals au jina linalofanana, pale penye Onboard Serial Port 2 weka Disabled, hifadhi utoke.

Sasa hapa pana kitu kizuri ambacho watu wanakipita. Mashine ikiwaka, kabla Windows haijaanza, bayosi nyingi za wakati ule zinaonyesha jedwali la vifaa, pana mstari umeandikwa Serial Port(s). Bonyeza Pause usome. Umeshaizima poti ya pili ya ubao, kwa hiyo kama pale bado pameandikwa 3F8 2F8 basi hiyo 2F8 ni modemu yako inaonekana, kadi haijafa. Kama ni 3F8 peke yake, rudi kwenye jampa.

Ukishaona 2F8 ingia DOS tupu, bonyeza F8 wakati inaanza uchague Command prompt only, uandike

echo ATM1H1 > COM2

Kama iko hai utasikia tiki ya rilei (swichi inayoinua laini). Hapo Windows haijahusika kabisa. Baada ya hapo ndo uwashe Windows katika Safe Mode, nenda Device Manager futa modemu zote na poti zote za COM utakazoziona, mara nyingi Safe Mode inaonyesha na zile zilizojirudia ambazo kawaida huzioni, halafu uwashe kawaida uiache izitafute upya.

Kama HyperTerminal itakwambia poti inatumika na programu nyingine, angalia programu ya faksi, zile zinapenda kujiwasha zenyewe na kukalia modemu zikisubiri simu.

---

bati_na_solda

Naongezea kuhusu ile 486 kabla hujaitupa. Ukijani ule umetoka kwenye betri ya pipa ya NiCd, maji yake ni alkali, ndo maana sabuni haisaidii. Ng'oa betri kwanza, chovya mswaki wa zamani kwenye siki, sugua polepole mpaka iache kutoa povu, halafu suuza kwa maji safi yasiyo na chumvi na umalizie na spiriti ya kusafishia, kausha siku nzima. Baadaye pima nyaya za ubao moja moja kwa mita, zile zilizolika unaziruka kwa waya mwembamba. Vaa glavu na miwani. Ubao ukishaliwa mpaka kwenye sloti za ISA si rahisi lakini nimezifufua kadhaa, na hata usipoufufua utapata pauasaplai, diski na kadi za akiba.

---

soma_na_tenda

Wakuu IMEJIBU!!! Jampa zilikuwa COM2 tayari kama ulivyosema, bayosi ilikuwa na Serial Port 2 imewashwa Auto, nimezima, kwenye jedwali 2F8 bado ipo, echo ile nikasikia tiki moyo ukaruka. Safe Mode nimekuta modemu tatu za jina moja na COM2 mbili nikafuta zote. HyperTerminal nikiandika AT inarudi OK, ATI3 inaleta namba za toleo la chipu.

Sasa nimeingia upande wa pili. Nikipiga ATDT na namba ya tundu la pili, naisikia kabisa kwenye spika laini imefunguka kuna mlio, inasubiri sekunde kadhaa halafu NO DIALTONE na inakata. Mlio nausikia mimi mwenyewe, yenyewe inasema haupo. Waya nimejaribu miwili.

---

waya_mbili

Hongera sana mkuu, hapo umeshavuka. Na vizuri umesema unausikia mlio kwenye spika, hiyo habari ina thamani kubwa.

Anza na lililo rahisi, waya uwe kwenye tundu la LINE siyo PHONE. Kwenye kadi nyingi maandishi yamefutika au ni alama tu, na tundu la PHONE ni la kuchomeka simu ya mezani ipitie kwenye modemu. Kwenye baadhi ya kadi matundu yote yameungana ndani, kwenye nyingine rilei inalitenga la PHONE modemu ikishika laini, kwa hiyo usiamini kwamba ni sawa tu.

Pili pima laini kwa mita, DC kwenye 200. Simu ikiwa imewekwa chini laini ya kawaida ni kama volti 48, visanduku vya intaneti vinaweza kuwa pungufu kidogo. Ikiinuliwa inashuka mpaka kati ya 6 na 10 hivi. Sasa unganisha mita sambamba na modemu uandike ATH1, hiyo inaiambia modemu inua laini bila kupiga. Volti zikishuka, rilei na sehemu ya laini ni nzima. Zikibaki 48 basi modemu inatoa tiki lakini haishiki laini, na hapo ndo unatafuta fyuzi iliyokatika au kizuizi cha radi kilichopasuka karibu na tundu la LINE. Radi ndo muuaji mkuu wa modemu, inaingia kwa waya wa simu inaunguza sehemu ya mbele tu, upande wa kompyuta unabaki mzima, kwa hiyo modemu inaendelea kujibu OK mtu anaamini haina tatizo. Fyuzi ukikuta imekatika weka ya kiwango kilekile, usiiruke kwa waya. Na usishike nyaya za laini kwa vidole wakati simu inaweza kuingia, umeme wa kengele unafika kama volti 90 za AC.

Lakini kwa maelezo yako mimi nadhani sehemu ya laini ni nzima, kwa sababu mlio unafika mpaka kwenye spika. Modemu haisikilizi mlio kama tunavyosikiliza sisi, inapima masafa fulani na inataka uwe wa mfululizo kwa muda fulani. Mlio wa laini unatofautiana nchi na nchi, na kisanduku chako kinaweza kuwa kimewekewa mlio wa nchi nyingine, au ule wa kukatika katika unaokuambia una ujumbe wa sauti haujasikilizwa. Wewe unasikia mlio, yenyewe inasikia kitu kisichofanana na inachokijua.

Dawa ni X3. Andika ATX3DT halafu namba. X3 inaiambia usisubiri mlio wa laini, inua usubiri kidogo upige, lakini laini ikiwa bize uniambie. Kama kisanduku kinachelewa kufungua laini weka koma mwanzoni mwa namba, ATX3DT,, kisha namba, kila koma ni sekunde 2 za kusubiri na unaweza kubadilisha kwa rejista ya S8. Kama kisanduku hakiipati namba vizuri ongeza S11, huo ndo muda wa kila mlio wa kitufe kwa milisekunde, jaribu ATS11=120.

---

soma_na_tenda

ATH1 volti zimetoka 46 zikashuka mpaka 8, kwa hiyo umepatia, sehemu ya laini ni nzima. Na ATX3DT IMEPIGA. Upande wa pili laptop ikapokea na mgetty (programu ya Linux ya kupokea simu za modemu), nikasikia ule mlio wote tangu mwanzo mpaka mwisho, ikaandika CONNECT 115200 na nikaona neno login. Nilikuwa peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Ila haidumu. Wakati mwingine inafika login inaandika herufi za ajabu ajabu halafu NO CARRIER, wakati mwingine inadumu dakika moja, mara mbili imekatika kabla hata ya kuunganika. Alafu naomba kuelimishwa, hiyo 115200 imetoka wapi wakati modemu ni ya 33.6? Na ile ya USB ni ya 56k, nikipata nyingine ya 56k niweke kwenye Pentium nitapata 56 kweli?

---

mlio_2100

Naomba nichukue hapa maana hii nimehangaika nayo sana.

Hiyo 115200 ni spidi kati ya kompyuta na modemu, siyo spidi ya laini. Modemu nyingi zenye chipu za Rockwell ukiziacha zilivyo zinaripoti hiyo. Andika ATW2 kabla ya kupiga na itakuambia spidi halisi ya laini, na bila hiyo huwezi kujua kama unachokirekebisha kinasaidia au la, kwa hiyo anza nayo.

56 huwezi kuipata kati ya modemu mbili za kawaida hata zote ziwe za 56k. V.90 ya mwaka 1998, yaani kanuni ya 56k, inafanya kazi kwa sababu upande wa mtoa huduma umeungwa moja kwa moja kwa dijitali na mtandao wa simu, kwa hiyo data inayokuja kwako inageuzwa kuwa sauti mara moja tu, karibu na kwako. Modemu yako kwa modemu yako, sauti inageuzwa kuwa namba na namba inarudishwa kuwa sauti, na hapo mwisho ni 33.6. Usitafute kadi nyingine kwa ajili hiyo.

Sasa kukatika. Kisanduku chako kimetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu. Sauti kinaikata vipande, kawaida milisekunde 20 kila kipande, kinaitupa kwenye mtandao. Kipande kimoja kikipotea wewe kwenye mazungumzo hata hujui, akili inajazia. Modemu haijazii, pengo la milisekunde 20 linaipoteza njia na inabidi ijipange upya, na zikirudi mara mbili tatu inakata. Ndo maana simu zako zilipigiana vizuri ukaamini laini ni safi.

Ingia kwenye mipangilio ya kisanduku, matundu yote mawili. Kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) weka G.711 peke yake, hizo nyingine zifute kwenye orodha. G.711 inabeba sauti nzima, sampuli 8000 kwa sekunde biti 8 kila moja, kilobiti 64. Kodeki kama G.729 inabana mpaka kilobiti 8 kwa kuhifadhi tu kile kinachofanana na sauti ya mtu, na mlio wa modemu haufanani na sauti ya mtu kwa hiyo unafika upande wa pili umeharibika kabisa. Pili zima kitu kinachoitwa silence suppression au VAD, yaani kutotuma kitu pakiwa kimya. Tatu zima echo cancellation. Kwa kanuni modemu inayopokea inatoa mlio wa hezi 2100 ambao ndani yake fezi inageuzwa kila baada ya milisekunde 450, kazi yake ni kuviambia vifaa vya katikati vizime kuondoa mwangwi, lakini visanduku vingine haviusikilizi, kwa hiyo zima kwa mkono. Nne jitter buffer (akiba ya vipande vya sauti vinavyosubiri kuchezwa) iwe ya kudumu isiwe ya kujirekebisha yenyewe, maana kila ikijirekebisha inaruka au inaongeza kipande cha sauti. Tano zima T.38, hiyo ni ya faksi na inaweza kudhani modemu yako ni faksi ikaingilia kati. Ile huduma ya kukushtua kuna simu nyingine inaingia nayo zima, mlio wake unatosha kukata.

Halafu punguza spidi kwenye modemu, hili ndo kubwa kuliko yote. V.34, yaani kanuni ya hiyo 33.6, inakamua laini mpaka tone la mwisho, inataka laini tulivu sana. V.32bis ya mwaka 1991 ni 14400 lakini inavumilia. Kwenye Rockwell za zamani amri ni

AT+MS=10,0,4800,14400

10 ni V.32bis, 0 inazuia isihamie aina nyingine, zinazofuata ni spidi ya chini na ya juu. Chipu mpya zinaandika jina badala ya namba, AT+MS=V32B, kwa hiyo kwenye ile ya USB andika kwanza AT+MS=? uone yenyewe inapokea nini. Kwenye USRobotics amri ni tofauti, wao wanatumia &N. Na ongeza S10, huo ni muda modemu inavumilia baada ya kupoteza mawasiliano kabla haijakata, kwa sehemu za kumi za sekunde. Nyingi huja na 14, yaani sekunde moja na nusu hivi, weka ATS10=50. Herufi za ajabu zikiendelea hakikisha &K3 imewekwa pande zote mbili, hiyo ndo inazuia upande mmoja usiuzidi mwingine kwa data.

---

kasi56

Nimejifunza hapa, sikujua kama jampa ndo zinatofautisha. Ila kwa atakayekuja na modemu ya nje ya siriali naomba niongezee yaliyonipata mimi. Kebo iwe ya moja kwa moja, ile ya kuvuka ya kompyuta kwa kompyuta inafanana kabisa kwa macho na inakupa ukimya uleule. Adapta soma nyuma ya modemu, Sportster kwa mfano inataka volti 9 za AC, siyo DC, na plagi za DC zinaingia vizuri tu kwenye tundu. Na kwenye mashine za 386 na 486 angalia chipu ya poti ya siriali kwa programu ya MSD ya DOS, kama ni 8250 au 16450 haina akiba ya kuhifadhi herufi, kila herufi lazima prosesa iikimbilie, ukiweka spidi kubwa zinapotea njiani. 16550A ina akiba ya herufi 16 na hiyo ndo unataka. Kama huna, shusha spidi ya poti mpaka 19200 au 9600.

---

soma_na_tenda

Wakuu narudi na majibu. Kodeki ilikuwa G.729 ndo ya kwanza kwenye orodha ya tundu moja na G.711 kwenye lingine, nimeweka G.711 zote. VAD, mwangwi na T.38 nimezima. Baada ya hapo tu bila kugusa modemu ilidumu dakika kama sita, W2 ikaniambia 26400 halafu ikakata. Nikaweka +MS na S10 kama ulivyoandika, imekuja CONNECT 14400 na leo imekaa dakika 40 haijakatika, nimekata mimi mwenyewe kwa kusubiri kidogo, +++, kusubiri tena, halafu ATH. Nimehamisha picha ya kilobaiti 60 ikachukua kama sekunde 40, iko wazi kwenye skrini ya Pentium.

Vijana wanakuja kesho. Nimeamua nisiwaambie chochote mwanzoni, nitaweka M1 na L3 spika isikike chumba kizima, nitapiga, halafu nitawaacha waulize. Swali la mwisho, amri hizi zote lazima niziandike upya kila nikiwasha? Nikitumia HyperTerminal kwa mkono ni sawa ila Dial-Up Networking inapiga yenyewe na inanirudishia NO DIALTONE.

---

pini_na_jampa

Dial-Up Networking kabla ya kupiga inaipa modemu amri zake za kuianzisha upya, kwa hiyo hata ukihifadhi kwa AT&W zinafutika hapo. Nenda Control Panel, Modems, Properties, Connection, Advanced, pana kiboksi kimeandikwa Extra settings, pale uandike X3W2S10=50+MS=10,0,4800,14400 bila AT mbele. Hizo zinatumwa mwisho baada ya zake zote. Pia kwenye Connection ondoa alama kwenye kile cha kusubiri mlio wa laini kabla ya kupiga, ukikiacha kinaweza kurudisha X4 (ya kusubiri mlio) juu ya X3 yako. Na upande wa laptop &W itatosha, mradi mgetty isiipe amri ya AT&F (ya kurudisha mipangilio ya kiwandani) kwenye mstari wake wa kuanzishia.

Kesho kabla hawajafika piga mara mbili tatu, na uwe na zile simu mbili za mezani karibu, vijana wazipige kwanza kwa mkono kwenye laini hizohizo wasikie mlio wa laini na vitufe, halafu ndo uchomeke modemu. Tuambie ilivyoenda.